Kabla ya Kuomba Redio Mpya, Pima Waya

Yafuatayo ni maneno aliyoyasema Mratibu wa Miradi wa Dayosisi alipokutana na wajumbe wa kamati za sharika pamoja na marafiki wa nje waliotembelea Kibingo. Kikao kilifanyika uani, nyuma ya nyumba yake. Tumeyachapa karibu yote, kwa kuwa sharika kadhaa zimekuwa zikiuliza juu ya redio zao.



Awali ya yote napenda kuwashukuru kwa kukubali kukaa hapa uani badala ya ukumbini. Nimewaleta hapa kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza linaning'inia juu ya vichwa vyenu. Ni waya. Unaanzia kwenye mgrivelea ule ulio karibu na jiko, unapanda mpaka kwenye mlingoti wa bomba katikati ya ua, kisha unateremka hadi kwenye mkaratusi ulioko mpakani na kibanja cha jirani yangu. Baadhi yenu mmeniuliza kama ni kamba ya kuanikia nguo. Wengine, najua, mmeulizana mambo makubwa zaidi. Sisi tunaishi karibu na Rwanda na Uganda, na mtu akitundika waya mrefu nyuma ya nyumba yake kisha usiku akasikika anaongea peke yake chumbani, maneno hayakosekani. Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kuniuliza nilimkaribisha ndani nikamwonyesha leseni. Habari ya leseni nitairudia baadaye.

Waya huu ni antena ya redio ya ridhaa, yaani redio ya mtu binafsi anayewasiliana na wenzake bila malipo na bila biashara. Ulikuwa mfupi, na mwaka huu nimeuongeza urefu. Nitawaeleza jinsi nilivyouongeza. Lakini ninyi hamkusafiri kuja kutazama mchezo wa mratibu. Nimewaita kwa sababu waya wa namna hii hii uliwahi kutugharimu fedha za watu, na pengine zaidi ya fedha, na kosa lilikuwa langu.

TULIKOTOKA

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba kabla ya simu za mkononi, hospitali na zahanati za makanisa zilisemezana kwa redio, tuliyozoea kuiita redio koli. Shirika la AMREF, ambalo lilianzishwa mwaka 1957 likiwa huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, lilijenga tangu miaka ya 1960 mtandao wa redio za namna hiyo kuunganisha hospitali za porini na Nairobi. Daktari aliyekuwa peke yake mamia ya kilomita kutoka mjini aliweza kuomba ushauri au kuita ndege kwa sababu ya redio na waya uliofungwa kati ya miti miwili.

Mkoa wetu wa Kagera ulizihitaji redio hizo kuliko mikoa mingi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda, na huku Karagwe nako kulikuwa na kambi. Kazi ya maji, chakula na dawa kwa umati kama ule ilipangwa kwa redio. Hakukuwa na njia nyingine iliyofika kila mahali.

Uganda nao wana mfano mzuri. Mwaka 1996 wilayani Iganga ulianza mradi ulioitwa RESCUER, uliowapa redio wakunga wa jadi na vituo vya afya ili mama mwenye matatizo ya uzazi aitiwe gari mapema. Zile zilikuwa redio za masafa mafupi, tofauti na hizi zetu, lakini fundisho ni lile lile: mama haokolewi na redio iliyoko kituoni, huokolewa na redio inayosikika upande wa pili.

KOSA LANGU

Sasa nije kwangu. Mwaka 2009 nilikuwa mgeni kazini. Kyerwa bado ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe, na moja ya zahanati tulizokuwa tukizisaidia ilikuwa bondeni, upande wa mtoni. Simu ya mkononi ilishika ukipanda kilima tu. Pale zahanati palikuwa na redio koli, paneli ya jua na betri. Kila asubuhi saa tatu muuguzi aliita, akasikika vizuri. Kila usiku aliita, akapata ukimya.

Muuguzi aliniandikia mara tatu. Barua zake ninazo mpaka leo. Mara ya tatu aliandika hivi, kwa kifupi: redio yetu inafanya kazi jua likiwepo tu. Mimi niliyetoka chuoni na shahada yangu nilisoma sentensi ile nikaelewa kwamba paneli ni mbovu. Tukabadilisha betri. Usiku kukawa kimya vile vile. Basi nikaandika taarifa kwa wafadhili kwamba redio imechakaa na kwamba tunaomba mpya.

Wakati tunasubiri majibu, mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, mtoto akiwa amekaa vibaya. Muuguzi aliita kwenye redio kwa muda mrefu bila kupata mtu. Ndugu zake walimbeba kwa machela mpaka barabarani, wakapata gari alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sisemi kwamba kama redio ingesikika mtoto yule angeishi. Mimi si daktari, na gari nalo lingeweza kuchelewa. Ninachosema ni kwamba usiku ule tulikuwa na redio nzima mezani na hatukuweza kumwita mtu yeyote.

Miezi michache baadaye redio mpya ikaja. Tuliipokea kwa nyimbo, tukapiga picha, picha ikatumwa kwa wafadhili. Tukaifunga kwenye waya ule ule. Asubuhi ikasikika vizuri sana. Usiku, kimya.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwa fundi wa redio serikalini. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamweleza habari yote: paneli, betri, redio ya kwanza, redio ya pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Waya una urefu gani, mwanangu?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika taarifa mbili na bajeti moja juu ya redio ile, na sikuwahi kupima waya wake.

WAYA HUFANYAJE KAZI

Ndugu zangu, hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye shina la jambo.

Antena hii inaitwa dipoli. Ni waya wenye mikono miwili iliyo sawa. Katikati mikono haigusani. Kila mmoja unaungwa kwenye upande wake wa kebo inayoingia ndani mpaka kwenye redio. Siri yake ni urefu. Kila masafa yana urefu wake wa waya, kama vile kila sauti ya zeze ina urefu wake wa uzi. Ukitaka masafa ya chini, waya lazima uwe mrefu zaidi.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua 143, gawanya kwa masafa kwa megahezi, unapata urefu wa waya wote kwa mita. Hapa nyumbani natumia mfano wa masafa mawili, 7.110 na 3.760, ambayo jumuiya ya kimataifa ya redio za ridhaa katika Kanda ya Kwanza, ambamo Afrika imo, imeyaweka kuwa vituo vya kukutania wakati wa dharura. Kwa 7.110 unapata mita 20.1, yaani mita 10 na sentimita 6 kila mkono. Kwa 3.760 unapata mita 38, yaani mita 19 kila mkono. Tofauti ni karibu mita 9 kila upande.

Kwa nini masafa mawili? Kwa sababu mawimbi haya hupanda juu, hugonga tabaka la angani lenye chaji za umeme, kisha hurudi chini kama mvua. Tabaka lile hutengenezwa na jua. Mchana linakuwa na nguvu na hurudisha masafa ya 7. Wakati huo yale ya 3 hufyonzwa na tabaka la chini yake. Jua likizama, tabaka hupungua nguvu, na mara nyingi mawimbi ya 7 hupenya na kupotea, yasirudi kwa majirani wa karibu. Ndipo yale ya 3 yanapofaa. Muuguzi wetu alipoandika kwamba redio inafanya kazi jua likiwepo tu, alikuwa ameandika ukweli mtupu wa sayansi. Sisi tuliosoma hatukumwelewa.

Kilichotokea ni hiki. Redio ilipofungwa mara ya kwanza ilikuwa na masafa ya mchana peke yake, na waya ulikatwa kwa masafa hayo, kama mita kumi kila upande. Baadaye tukaongezewa masafa ya usiku. Redio iliyapokea kwa kubonyeza vitufe. Lakini waya haubonyezwi. Ulibaki na urefu wake wa zamani, na nguvu iliyotumwa usiku haikutoka. Iligeuka kwenye kebo ikarudi ilikotoka. Redio nyingi za kisasa zikihisi nguvu inarudi hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue. Muuguzi alikuwa akiongea, taa ikiwaka, na karibu hakuna kilichofika angani.

Kwa hiyo redio ya kwanza haikuwa mbovu. Ya pili haikuhitajika. Tulichohitaji kilikuwa waya, kamba na vipande vya bomba la plastiki, na bei yake yote haikufika bei ya mbuzi mkubwa. Fedha za redio ya pili zingetosha kuezeka nyumba ya muuguzi kwa mabati.

JINSI TULIVYOONGEZA

Pale zahanati tulianza kwa haraka, na haraka ikatuumbua mara ya pili. Tulirefusha mikono yote miwili ifikie masafa ya usiku. Usiku ule tukasikika, watu wakashangilia. Asubuhi yake, saa tatu, kimya! Waya mrefu uliofaa usiku haukufaa mchana. Mzee alicheka, akasema tumemvua mtoto shati tukamvika mama yake.

Kuna njia mbili za kutibu jambo hilo. Ya kwanza ni ile mnayoiona hapa kwangu. Mwisho wa waya wa zamani, kwenye mita 10 na sentimita 6, nimefunga kihami, yaani kipande cha bomba la plastiki chenye matundu mawili. Upande wa pili wa kihami ndipo waya wa nyongeza unapoanza. Kisha kuna kipande kifupi cha waya chenye kibanio kinachounganisha pande hizo mbili. Kibanio kikifungwa, waya ni mrefu, wa usiku. Kikifunguliwa, waya ni mfupi, wa mchana. Ili kukifikia nashusha kamba, nabadilisha, napandisha tena. Mimi ninayefanya kwa kupenda kwangu, njia hiyo inanitosha.

Lakini muuguzi aliye peke yake hawezi kutoka nje saa nane za usiku mvua ikinyesha, na mama analia ndani, aanze kushusha kamba. Kwa hiyo zahanati tulitumia njia ya pili. Tuliirudisha mikono ya zamani kwenye urefu wake, na pale pale katikati tukaunga mikono mingine miwili mirefu. Jozi zote mbili zinatumia kebo moja, lakini zimeachana, moja juu na nyingine chini yake. Mawimbi yenyewe huchagua jozi inayoyafaa. Muuguzi anabadilisha masafa kwenye redio tu.

Kwa kamati itakayotaka kufanya hivyo, nawapa mambo machache tuliyojifunza kwa mikono yetu.

Kwanza, kata waya ukiwa mrefu kuliko hesabu, nusu mita zaidi kila upande, ndipo upunguze. Waya uliokatwa mfupi ni hasara. Kwenye masafa ya 3.760, kupunguza sentimita 10 kila upande hupandisha masafa kwa kama kilohezi 20, kwenye 7.110, kwa kama kilohezi 70. Punguza kidogo, pandisha, pima kwa kipimo cha nguvu inayorudi, shusha, punguza tena. Mikono iwe sawa siku zote. Waya wenye ganda la plastiki huhitaji kuwa mfupi kidogo kuliko ulio mtupu, na jozi mbili zikikaa pamoja huathiriana, kwa hiyo hesabu ni mwanzo tu. Kipimo ndicho chenye neno la mwisho.

Pili, uzito wa waya ubebwe na kihami, usibebwe na kiungo. Kiungo kisokotwe, kilehemiwe, kifungwe vizuri kisiingie maji. Sehemu ya katikati inapoungwa kebo ndiyo inayokufa mapema, kwa sababu kebo ikiingiwa na mvua inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Tatu, mti hucheza. Tulipofunga waya moja kwa moja kwenye mgrivelea, upepo wa kwanza wa masika uliukata. Sasa kamba inapita kwenye kapi, na mwisho wake tumefunga ndoo ya mchanga. Mti ukiyumba, ndoo hupanda na kushuka, waya unabaki mzima.

Nne, msikate tamaa kwa sababu ya udogo wa kiwanja. Kati ya miti yangu hii miwili kuna mita 28 tu, na waya wangu ni mita 38. Katikati nimeinua mita 9, mikono ikateremka kama paa la nyumba, na mita nne za mwisho za kila upande nimezigeuza zifuate mpaka wa kiwanja. Haidhuru kitu kikubwa. Unapima upya na kurekebisha. Migomba, hata hivyo, isiguse waya. Jani bichi lililolowa likigusa mwisho wa waya hubadilisha kipimo chote.

Tano, msione haya kwa sababu mlingoti ni mfupi. Mnara wa simu hutaka kupanda juu ya kilima, lakini kwa mawasiliano ya karibu waya huu unafaa ukiwa chini. Ukiwa kwenye mita 8 au 10 hutupa mawimbi yake juu kabisa, nayo hurudi kuanzia hapa penye miguu yetu mpaka kilomita 300 au 400. Milima yetu ya Karagwe, inayotusumbua kwa simu, haiwezi kuyazuia, kwa sababu yanateremka kutoka juu.

USALAMA

Hapa nasema kwa ukali kidogo, na mtanisamehe. Msirushe waya wala kamba karibu na nyaya za umeme. Chagueni mahali ambapo waya ukikatika, upande wowote utakaoangukia, hauwezi kuufikia umeme. Usiku mmoja wa haraka unaweza kuacha mjane.

Miisho ya waya huwa na umeme mkali wakati wa kuongea, hata kama redio ni ndogo. Iwekwe juu ya mita tatu, mbali na mikono ya watoto na pembe za ng'ombe.

Halafu radi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni mmoja wa sehemu zenye radi nyingi duniani, wala hilo halihitaji mtaalamu kuja kutuambia. Ukisikia ngurumo, acha kuongea, chomoa kebo kwenye redio, itoe nje ya dirisha. Fimbo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini iwepo, lakini haichukui nafasi ya kuchomoa. Nimefunga kikaratasi ukutani kinachosema hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, maana radi haimsubiri mratibu.

LESENI

Sasa lile neno la mwenyekiti wa kitongoji. Redio yoyote ya kutuma mawimbi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Redio za ridhaa za nchi yetu huanza jina lao kwa 5H. Za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X. Ukisikia tu jina unajua mtu yuko wapi.

Naomba kamati zielewe tofauti. Redio yangu ya ridhaa siruhusiwi kuitumia kwa kazi za dayosisi, kuagiza saruji wala kuuliza kama gari la mradi limeondoka. Redio ya zahanati ina leseni yake na masafa yake, na ndiyo sababu sikuyataja hapa. Lakini ujuzi hauna leseni mbili. Nilichojifunza kwenye waya wangu nakitumia kwenye waya wenu, nikiwa nimekosea kwangu kwanza.

Lipo jambo jingine. Wakati wa maafa, redio za ridhaa huachiwa kazi ambayo kwa kawaida si yao. Desemba 2004, wimbi kubwa la tsunami lilipopiga visiwa vya Andaman vya India, mama mmoja aitwaye Bharathi Prasad alikuwa Port Blair na kikundi cha redio za ridhaa, wamekwenda huko kwa shughuli zao za kawaida. Mawasiliano yalipokatika, redio yao ikawa ndiyo ya kupeleka habari za walio hai na za waliotafutwa. Sisi nasi tunakumbuka tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotikisa mkoa wetu na kuua watu 17. Leo simu zimefika sehemu nyingi, na tunamshukuru Mungu. Lakini siku kama ile kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja, na mnara unaweza kulemewa au kukosa umeme. Waya kati ya miti miwili na betri ya jua haumtegemei mtu wa tatu.

NINACHOOMBA

Ndugu wajumbe, sikuja kuwaomba mchango wa redio. Nakuja na ombi dogo kuliko hilo, na pengine gumu zaidi.

Kila usharika wenye redio, au zahanati yenye redio, ufungue daftari moja. Ukurasa wa kwanza uandikwe: waya una urefu gani kila mkono, uko juu mita ngapi, ulikatwa kwa masafa gani, tarehe gani, na nani. Kila baada ya miezi mitatu, mjumbe mmoja wa kamati aende na muuguzi, watazame kamba, kiungo na kebo, wapime, waandike. Wapige mchana na usiku. Redio iliyojaribiwa mchana tu haijajaribiwa. Na muuguzi akiandika barua, kamati iisome pole pole. Aliye karibu na chombo huona yale ambayo ofisini hayaonekani.

Na nyinyi wafadhili na marafiki, nina deni kwenu. Mwaka ule nilipopokea redio ya pili niliandika barua ya shukrani. Barua ya ukweli sikuiandika. Niliona aibu kusema kwamba fedha zenu zilinunua kitu tulichokuwa nacho tayari. Miaka imepita, na redio ile haikupotea. Ya kwanza ilipelekwa kituo kingine, nayo ilifungwa kwa waya uliopimwa. Lakini hilo halifuti neno nililowaandikia, kwamba redio imechakaa, wakati haikuwa imechakaa. Leo nalisema mbele ya kamati zenu, na nimemwomba mhariri alichape.

Mkitaka kutusaidia vizuri zaidi, tuulizeni. Tukiomba redio, ulizeni waya una urefu gani. Tukiomba pampu, ulizeni bomba lina tundu wapi. Tukiomba gari, ulizeni lile la kwanza lilisimama kwa kukosa nini. Msiogope kwamba mtatuudhi. Swali la yule mzee lilikuwa na maneno manne, na kama mtu angeniuliza mapema, ningekwenda kupima.

Nimalize. Baada ya chai tutashusha waya huu pamoja, kila mtu aone kihami na kibanio kwa macho yake. Futi kamba ninayo, ya mita 30, na kila kamati itapewa karatasi yenye hesabu ile ya 143. Jioni, jua likizama, wale watakaobaki tutafunga kibanio, tusikilize nani yupo.